Mita 80 na mita 160 baada ya magharibi: mawimbi yanapinda au yanatawanyika?

Kigamboni160

Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Mimi ni mwanaredio wa ridhaa, naishi Kigamboni, na huu ni mwaka wangu wa pili kwenye bendi za chini, zile zenye mawimbi ya urefu wa mita 80 na mita 160 hivi. Tangu nianze nimeambiwa kwamba ionosfia, ile sehemu ya juu ya angahewa yenye elektroni huru, ni kama kioo kilichotandazwa angani: unarusha wimbi, linagonga, linarudi. Mambo ninayoyasikia katika chumba changu yamenifanya nianze kukitilia shaka hicho kioo, na ndiyo maana ninaleta swali hapa.

Kwanza nieleze vifaa. Antena yangu ya mita 80 ni waya wa mlalo wa mita 40 hivi, umefungwa kati ya minazi miwili kwa urefu wa mita 12 kutoka ardhini, nao umelala kaskazini kwenda kusini kwa sababu minazi yenyewe imepangwa hivyo. Antena ya mita 160 ni waya unaopanda wima mita 18 kwenye mnazi wa tatu, kisha unakunja kona na kulala mita 23 kuelekea mashariki, upande wa bahari. Chini yake nimefukia nyaya kumi na sita.

Jambo la kwanza linahusu mita 80. Nina miadi ya kila jioni na rafiki aliyeko Nairobi kwenye kilohezi 3,600 hivi. Saa sita mchana hatusikilizani hata tukipiga kelele, ilhali kwenye mita 40 tunaongea kama majirani. Jua likizama anaanza kuchomoza taratibu, na kufikia saa moja na nusu usiku anasikika kwa nguvu. Lakini mwezi huu wa Machi, mara nyingi ikifika saa mbili hivi, sauti yake inaanza kupapatika kama ya mtu anayeongea mbele ya feni. Tukihamia FT8, ule mtindo wa kutumiana ujumbe mfupi kwa toni zinazosomwa na kompyuta, ninaiona mistari yake kwenye skrini, minene na yenye mwanga, lakini programu haisomi hata neno moja. Inapofika saa tano au sita hali inatulia. Agosti iliyopita sikuwahi kuliona jambo hili.

Jambo la pili linahusu mita 160. Kila mtu husema kwamba kwenye bendi hii antena ya wima ndiyo mfalme. Nikisikiliza vituo vya Ulaya nakubali. Lakini kituo cha Ushelisheli ninakisikia vizuri zaidi kwenye waya wa mlalo wa mita 80, ambao haukutengenezwa kwa kazi hiyo kabisa, kuliko kwenye waya wa wima. Nimebadilisha swichi mara nyingi usiku mmoja hadi nikadhani kebo ina hitilafu. Haina.

Je, haya ni mambo ya kupinda kwa mawimbi, au ya kutawanyika, au mimi ndiye ninayechanganya?

Mwalimu_wa_Mawimbi

Kijana wangu, huchanganyi. Masikio yako yamekuletea mambo matatu tofauti, na kioo ulichofundishwa hakiwezi kueleza hata moja. Nitachukua lile la Nairobi, na suala la wima na mlalo nitamwachia mtu mwingine hapa ambaye najua analipenda.

Tuanze na mchana. Chini kabisa ya ionosfia, kati ya kilomita 60 na 90 hivi, lipo tabaka la D. Hewa ya huko bado ni nzito kiasi kwamba elektroni inayotikiswa na wimbi lako inagongana na molekuli mara kwa mara, na nishati iliyoipokea inapotea kama joto. Ufyonzaji huo hupungua kwa kadiri ya mraba wa masafa, yaani idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde. Kutoka megahezi 7.1 kushuka hadi 3.6 ni kama nusu, kwa hiyo hasara, ukiihesabu kwa desibeli (kipimo cha kulinganisha nguvu), inakuwa karibu mara nne. Ukishuka tena hadi 1.83 inakuwa karibu mara nne nyingine. Njia inayokugharimu desibeli 5 kwenye mita 40 itakugharimu 20 kwenye mita 80 na zaidi ya 70 kwenye mita 160. Kumbuka pia kwamba mapema Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri linasimama wima juu ya Dar es Salaam. Hakuna wakati mwingine katika mwaka ambapo linafyatua elektroni za tabaka la D juu ya kichwa chako kwa nguvu kuliko hapo. Rafiki yako anazungumza nawe saa sita mchana, ila sauti yake inaishia kupasha hewa joto mahali fulani juu ya Korogwe.

Sasa machweo. Jua linapozama kwako wewe uliye ardhini, halijazama kwa hewa iliyo juu yako. Kwa jiometria tupu, mahali penye urefu wa kilomita 80 panaendelea kuona jua hadi liwe nyuzi 9 chini ya upeo wa macho, na mahali penye kilomita 300 hadi liwe nyuzi 17. Katika latitudo zetu jua linashuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, hivyo tabaka la D linaingia gizani kama dakika 36 baada yako, na tabaka la F, lile la juu linalorudisha mawimbi usiku, kama dakika 70. Kwa kweli D huanza kulegea mapema kidogo, kwa sababu miale inayopita kwa kuinama ndani ya angahewa nzito huchujwa njiani. Jua lako la Machi linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi; ongeza dakika hizo, utaona kwa nini rafiki yako anachomoza taratibu na kwa nini saa moja na nusu ndipo anapofika kileleni. D imekufa, F bado ina elektroni tele.

Na hapo juu kwenye F ndipo kupinda kunapotokea, nako hakufanani na kugonga kioo. Wimbi linapoingia mahali ambapo elektroni zinaongezeka kidogo kidogo, sehemu yake ya juu inakwenda kwa kasi tofauti na ya chini, na mwelekeo wake unageuka polepole, kama jahazi linalobisha kwa mzunguko mpana. Likikuta elektroni za kutosha, linamaliza mgeuko na kushuka. Kutosha ni kiasi gani? Chukua idadi ya elektroni katika mita moja ya ujazo, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 9. Unapata kwa hezi masafa ya juu kabisa yanayoweza kurudishwa yakipanda wima. Elektroni bilioni elfu moja kwa mita ya ujazo zinarudisha megahezi 9. Zikishuka hadi bilioni mia moja, ni megahezi 2.8 tu. Ndiyo maana kuna usiku ambapo karibu na alfajiri utampoteza jirani wa Morogoro kwenye mita 80 huku wa mbali akisikika: wimbi la jirani linapanda karibu wima na kupita moja kwa moja, wakati la mbali linaingia kwa kuinama na linahitaji elektroni chache zaidi ili ligeuke.

Kupinda huku kunahitaji hewa iliyopangwa vizuri, ambamo elektroni zinabadilika polepole kwa umbali mrefu kuliko urefu wa wimbi. Saa mbili usiku ya Machi hali haiko hivyo.

Dunia ina ikweta mbili. Ile ya ramani inapita Nanyuki na Kisumu. Ile ya sumaku, mahali ambapo sindano ya dira inalala sawasawa bila kuinama, katika upande wetu wa Afrika inapita juu ya Ethiopia, karibu na Addis Ababa. Mchana, uga wa umeme unaoelekea mashariki, ukikutana na uga wa sumaku uliolala kaskazini-kusini, husukuma elektroni juu ya ikweta ya sumaku. Zikifika juu zinateremka kufuata mistari ya sumaku na kurundikana nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Edward Appleton aliueleza mrundikano huo mwaka 1946. Dar es Salaam iko nyuzi kama 16 kusini mwa ikweta hiyo, yaani umejenga nyumba chini ya rundo lenyewe.

Machweo yakifika, kabla ya uga huo wa umeme kugeuka na kuelekea magharibi, unapata nguvu kwa muda mfupi na kulinyanyua tabaka la F haraka. Tabaka la chini yake, E, linakuwa limeshanyauka. Matokeo yake ni kitu kizito kilichokaa juu ya kitu chepesi, kama maji yaliyomiminwa juu ya mafuta. Hakidumu. Kile chepesi kinatoboa na kupanda kwa mapovu, mithili ya uji mzito unapoanza kuchemka, na kila povu ni shimo lenye elektroni chache mno kuliko jirani zake. Mapovu hayo hujinyoosha kufuata mistari ya sumaku, kaskazini na kusini, kama mbavu, na usiku wote yanasogea kuelekea mashariki kwa kasi ya mita mia moja hivi kwa sekunde.

Hapo wimbi la rafiki yako linatawanyika. Badala ya kurudi kwa njia moja, linarudi kwa njia nyingi kutoka kwenye kingo za mapovu mengi, kila njia ikiwa na urefu wake unaobadilika kila nukta, na kila moja ikiwa imesogezwa masafa yake kidogo kwa sababu kingo zenyewe zinatembea. Zikikutana kwenye antena yako zinajumlishana na kufutana mara kadhaa kwa sekunde. Hiyo ndiyo feni yako. Henry Booker na Harry Wells walilieleza jambo hili mwaka 1938 kutokana na vipimo vya Huancayo nchini Peru, ambako ikweta ya sumaku inapita pia: mwangwi wa tabaka la F, ambao kwa kawaida ni mstari mwembamba, ulikuwa umesambaa kama wino kwenye karatasi yenye maji.

Kuhusu FT8, jibu ni rahisi. Toni zake nane zimetenganishwa kwa hezi 6.25 tu. Mapovu yakizipanua toni kwa hezi kadhaa, kila moja inamwagikia kwenye nyumba ya jirani yake, na programu inaona mwanga mwingi lakini haijui ni toni ipi. Nguvu ipo, mpangilio ndio umepotea. Sikio linalosoma msimbo wa Morse halijali sana, kwa sababu linachouliza ni kama toni ipo au haipo.

Kigamboni160

Mwalimu, shikamoo, na ahsante sana. Nimesoma mara mbili na mara ya pili nimechora. Nina maswali mawili. Kwa nini Machi na si Agosti? Na kwa nini rafiki yangu wa Nairobi anasema kwamba yeye huusikia mpapatiko hata kwenye vituo vya Uganda na Ethiopia, siku ambazo mimi nikiongea na Mbeya sisikii mpapatiko wowote?

Mwalimu_wa_Mawimbi

Marahaba. La Machi: ili uga ule wa umeme upate nguvu, inafaa ncha mbili za mstari wa sumaku, ya kaskazini na ya kusini, ziingie gizani kwa wakati mmoja. Kwetu mistari ya sumaku inaelekea karibu kaskazini halisi, na mpaka kati ya mchana na usiku unakuwa umenyooka kaskazini-kusini pale tu mchana na usiku vinapolingana, yaani karibu na Machi na Septemba. Agosti mpaka huo umeinama, ncha moja inatangulia kuzima, nyingine inaendelea kupitisha mkondo, na uga haupati ule msukumo wa mwisho. Tazama tena mwishoni mwa Septemba na Oktoba; nadhani feni itarudi.

La Nairobi ni hesabu ya urefu. Mapovu yanazaliwa juu ya ikweta ya sumaku na yanafika kwetu kwa kufuata mistari ya sumaku, ambayo ni matao. Tao linaloshuka hadi tabaka la F juu ya Nairobi, nyuzi kama 10 au 11 kutoka ikweta ya sumaku, lina kilele cha kilomita 530 hivi juu ya Ethiopia. Tao linaloshuka juu ya Dar es Salaam lina kilele cha karibu kilomita 900. Povu linalokomea kilomita 600 linamsumbua rafiki yako na kukuacha wewe salama. Njia yenu ya pamoja inageukia katikati, karibu na anga ya Same, ambako tao lake hufika kati ya kilomita 650 na 700, kwa hiyo mnagawana taabu. Ukiongea na Mbeya, wimbi linageukia kusini zaidi na povu linatakiwa kupanda juu zaidi bado. Katika miaka ambayo jua lina madoa mengi, mapovu hupanda juu zaidi, na hapo hata njia ya Mbeya haitasalimika.

Muscat_Mwambao

Naongeza la huku kwetu. Mimi niko Muscat, wazee wangu walitoka Unguja, na njia ya kutoka huku hadi Dar es Salaam kwenye mita 80, kama kilomita 3,900, ninaijua kama ninavyoijua barabara ya nyumbani. Ukiigawa kwa miruko miwili, wimbi linageukia angani karibu na Salalah, kusini mwa Oman, linadunda ardhini Somalia katika upande wa Garowe, kisha linageukia tena karibu na anga ya Barawa. Salalah iko kaskazini mwa ikweta ya sumaku na Barawa iko kusini yake, kwa umbali unaokaribiana. Kwa hiyo tao la povu lenyewe likinyooka vya kutosha, linalitafuna wimbi langu mara mbili, ncha hii na ncha ile. Usiku wa Machi huwa sihangaiki na Dar kabla ya saa sita za usiku kwa saa za huku. Nakunywa kahawa, nasubiri.

Fundi_wa_Nyaya_Mombasa

Mwalimu amenitupia la mita 160 nami nimelidaka. Ndugu yangu wa Kigamboni, kebo yako ni nzima. Kinachokuchezea ni sumaku ya dunia.

Elektroni iliyo ndani ya uga wa sumaku haitikisiki tu mbele na nyuma. Inazunguka mstari wa sumaku, na mzunguko huo una masafa yake. Anga ya Ulaya ya kaskazini ni megahezi 1.3 au 1.4. Kwetu, ambako uga wa sumaku ni dhaifu, ni 0.9 hivi. Bendi zote za chini ziko jirani na namba hizo, ndiyo maana mambo ya mita 160 hayafanani na ya mita 20. Wimbi lako likiingia ionosfia linagawanyika kuwa mawili: moja tuliite la kawaida, jingine lisilo la kawaida. Hili la pili linazungusha elektroni kwa upande ule ule ambao zinapenda kuzunguka, kwa hiyo zinalinyonya. Kwa wimbi linalosafiri kufuata mstari wa sumaku, ukichukua 1.83 kama masafa yako, ufyonzaji wa wimbi la kawaida unakwenda kwa kadiri ya moja gawanya kwa mraba wa 2.73 (yaani 1.83 ukijumlisha 0.9), na wa lisilo la kawaida moja gawanya kwa mraba wa 0.93 (1.83 ukitoa 0.9). Hesabu mwenyewe: hasara ni zaidi ya mara nane kwa desibeli. Kwenye bendi hii, kwa vitendo, tunaishi kwa wimbi moja tu, lile la kawaida.

Swali linalobaki ni antena yako inalilisha lipi. Hapa mwelekeo unaamua. Ukituma kaskazini, kwenda Ulaya, wimbi linapanda likiwa karibu sambamba na mistari ya sumaku, kwa sababu kwako mistari hiyo inaelekea kaskazini huku ikiinuka kama nyuzi 33. Wimbi la kawaida linakuwa la kuzunguka, yaani uga wake wa umeme unazunguka likisafiri, na antena ya wima na ya mlalo kila moja inalilisha nusu ya nguvu yake. Zinatoka sare angani. Hapo chini, wima inashinda kwa sababu inarusha kwa pembe ndogo, hasa kwako wewe mwenye maji ya chumvi mbele ya nyumba.

Ukituma mashariki, kwenda Ushelisheli, wimbi linakata mistari ya sumaku kwa pembe mraba. Sasa wimbi la kawaida ni lile ambalo uga wake wa umeme unatikisika sambamba na mstari wa sumaku, yaani kaskazini-kusini, umeinuka nyuzi 33. Gawanya nguvu hiyo: asilimia 70 ni ya mlalo, asilimia 30 ni ya wima. Antena ya wima inapoteza desibeli 5, ya mlalo desibeli 1.5 tu. Sehemu kubwa ya nguvu ya wima yako inalishwa wimbi lisilo la kawaida, nalo linaliwa njiani. Mtu wa Addis Ababa, ambako mistari imelala kabisa, angepata tabu zaidi: kwa mashariki na magharibi, wima yake inalilisha wimbi la kawaida karibu sifuri. Wazungu walioandika kwamba wima ni mfalme waliandika wakiwa mahali ambapo mistari ya sumaku imesimama karibu wima. Kwao ni kweli.

Sasa tazama nyaya zako. Waya wako wa mita 80 umelala kaskazini-kusini, kwa bahati ya minazi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa ili usikie mashariki. Lakini ule mkono wa mlalo wa antena ya mita 160 umeulaza kuelekea mashariki, ambako hausaidii Ushelisheli hata kidogo, kwa sababu waya haurushi kuelekea nchani mwake. Ugeuze uwe kaskazini-kusini. Ni mita 23 zilizokaa bure.

Mwalimu_wa_Mawimbi

Nakubaliana na Fundi, ila naomba asizidishe. Tofauti ya desibeli tatu na nusu anayoipata kwa hesabu ni ya pale wimbi linapoingia ionosfia. Waya wa mlalo ulio mita 12 juu ya ardhi, kwenye bendi ambayo wimbi lina urefu wa mita 164, unarusha karibu nguvu yake yote juu kama chemchemi, na sehemu nyingine ardhi inaimeza. Kwa kutuma, hasa kwa umbali wa zaidi ya mruko mmoja, wima iliyo kando ya bahari inaweza kulipa deni hilo lote na kubaki na chenji. Kwa kupokea hesabu ni nyingine kabisa: kinachopimwa ni mawimbi dhidi ya kelele, wala si nguvu peke yake. Usiku wa Machi, kelele nyingi za mita 160 zinatoka magharibi, kwenye radi za bonde la Kongo na za Ziwa Viktoria, nazo zinafika kwa njia hiyo hiyo ya angani.

Nikumbushe pia kwamba kwenye 1.83 usiku si lazima wimbi lifike F. Tabaka la E halifi kabisa. Tuseme limebaki na uwezo wa megahezi 0.5 kwa wima. Wimbi linalotoka kwako kwa pembe isiyozidi nyuzi 12 hivi linaingia E kwa kuinama kiasi kwamba hizo 0.5 zinatosha kuligeuza, na linarudi kutoka kilomita 100. La pembe kubwa zaidi linapenya, linapinda kidogo njiani, na kwenda kugeukia F. Ushelisheli, kilomita 1,800 kutoka kwako, inaweza kufikiwa kwa njia zote mbili usiku mmoja, na ndiyo maana kituo hicho huzama na kuibuka kwa dakika kadhaa bila mpapatiko wowote: njia mbili zinavutana. Ukisikia kufifia kwa utulivu, fikiria njia mbili. Ukisikia feni, fikiria mapovu.

Fundi_wa_Nyaya_Mombasa

Chenji nimeikubali, Mwalimu. Lakini kwa kupokea sibadili neno. Na mtu asije akamshauri antena ya kitanzi kidogo ili aielekezee tundu la ukimya upande wa Kongo, maana kitanzi kina matundu mawili yanayotazamana. Ukiiziba Kongo umeiziba na Ushelisheli.

Kigamboni160

Ndugu zangu, narudi baada ya siku tisa. Mkwezi alinipandia mnazi wa nne, ulioko kusini mwa ule wa wima, akataka malipo ya minazi miwili kwa kuwa alishuka na waya akapanda nao tena. Mkono wa mlalo sasa unaelekea kusini. Sehemu ya wima sikuigusa.

Nilikubaliana na mwenzetu wa Ushelisheli tufanye jaribio kwa msimbo wa Morse, dakika moja kwa antena mpya na dakika moja kwa waya wa mita 80, akiandika bila kujua ni ipi. Kwa usiku nne, kati ya saa tatu na saa nne, niliposikiliza mimi, waya wa mlalo uliendelea kushinda kwa uwazi, ingawa pengo limepungua. Nilipotuma mimi, yeye aliipendelea antena mpya usiku tatu, na usiku wa nne akasema hawezi kutofautisha. Ulaya haikupoteza kitu ninachoweza kukisikia.

Usiku wa nne ndio uliokuwa na feni kwenye mita 80 na Nairobi, kuanzia saa mbili na dakika kumi. Nilihamia mita 160 mara moja. Ushelisheli ilikuwa ikififia taratibu tu, dakika mbili juu, dakika mbili chini, bila kupapatika.

Mwalimu_wa_Mawimbi

Hiyo ya mwisho iandike kwenye daftari lako pamoja na saa. Inaelekea usiku ule wimbi lako la Ushelisheli lilikuwa linageukia E, chini ya mapovu, wakati la Nairobi lilikuwa katikati yake. Rudia jaribio Oktoba, na safari hiyo umwombe rafiki yako wa Nairobi asikilize Ushelisheli saa ile ile.